Hoteli iko Paje, nyanya zinatoka Lushoto

UKITAKA kujua utalii wa Zanzibar unamnufaisha nani, usianzie ufukweni. Anzia Bandari ya Malindi, mjini Unguja, asubuhi na mapema wakati vyombo vya mizigo vinaposhusha bidhaa kutoka Bara. Utaona matenga ya nyanya za Lushoto, magunia ya viazi mviringo, karoti, kabichi, vitunguu vya Mang'ola na mayai trei juu ya trei.

Baada ya saa chache sehemu ya mzigo huo itakuwa imekwisha kupita sokoni, imepakiwa kwenye magari madogo na inaelekea Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, ambako watalii wanaamka na kukuta meza ya kifungua kinywa imekwisha kutandikwa. Gari linalokwenda Paje linapita Fuoni, linapita Tunguu, linapita Jozani. Kote huko kuna wakulima. Gari halisimami.

Mimi ni mchumi wa kilimo kwa taaluma, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imenipeleka vijijini kuzungumza na wakulima wa mboga na akina mama wa mwani. Nimegundua kuwa kila tunapojadili utalii na jamii zetu, mazungumzo huishia kwenye mavazi. Wazee wanalalamika kwamba wageni wanakatiza vijijini na nguo za kuogelea, kwamba vijana wanaiga, kwamba heshima imekwisha. Malalamiko hayo yana ukweli na nitayarudia mbele. Lakini kwa hesabu zangu, mila ya kijiji hubadilika haraka zaidi pale ambapo kijiji hakina kitu cha kumwuzia mgeni isipokuwa ardhi yake na vijana wake. Mwenye nyanya, pweza, sabuni au mkeka wa kuuza huzungumza na hoteli kama mfanyabiashara. Asiye na kitu husubiri kuajiriwa, au huuza kiwanja.

Idadi ya wageni si ndogo. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 538,000. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, walishuka hadi takribani 260,000. Mwaka 2024 walipita 736,000. Ukilinganisha na sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu wakazi karibu milioni 1.9 Unguja na Pemba, ni sawa na kusema kila wakazi kumi wana wageni wanne kwa mwaka. Wageni hao wote wanakula mara tatu kwa siku.

Kwa nini mkulima wa jirani hapati soko

Jibu la haraka ambalo utalisikia barazani ni kwamba wenye hoteli wanatudharau. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini sababu kubwa ni ardhi, mvua na hesabu.

Pwani ya mashariki, ambako hoteli nyingi zimejengwa, ni nchi ya maweni, yaani udongo mwembamba uliotanda juu ya jiwe la matumbawe. Wenyeji wa huko tangu zamani wamelima muhogo, mtama na kunde kwenye vifuko vya udongo kati ya mawe, na sehemu kubwa ya riziki yao imetoka baharini. Udongo wenye kina, ule uliobeba mikarafuu na minazi, uko magharibi na katikati ya kisiwa. Kwa hiyo tangu mwanzo mgeni yuko upande mmoja wa kisiwa na shamba la mboga liko upande wa pili.

Halafu kuna kalenda. Wageni hupungua sana Aprili na Mei, wakati wa masika, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa ukarabati. Hurudi kwa wingi Julai na Agosti. Sasa mkulima anayetaka kuvuna nyanya Julai anatakiwa awe na miche kitaluni mwezi Aprili na kuihamishia shambani mwezi Mei. Yaani zao lenye bei nzuri kuliko yote mwakani ndilo linalotakiwa kuvuka masika, wakati bakajani na mnyauko viko katika ubora wake. Mvua zikikatika anaingia kanitangaze, yule mdudu aliyefika nchini mwaka 2014 na kuwafilisi wengi. Mkulima wa Lushoto yuko milimani, kwenye baridi na mabonde yenye maji ya kumwagilia. Hawashindani katika uwanja mmoja.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Tuseme hoteli ina wageni 100 na kila mmoja anatumia robo kilo ya nyanya kwa siku, kwenye saladi, mchuzi na supu. Hizo ni kilo 25 kwa siku, au kilo 1,050 kwa wiki sita. Tuseme pia ekari moja ya nyanya iliyotunzwa vizuri inatoa tani nane, na mavuno yake yanaendelea kwa wiki sita. Mkulima mmoja mwenye ekari moja ataifurika hoteli hiyo kwa wiki sita, kisha atapotea kwa miezi. Mpishi hawezi kufanya kazi na mtu wa namna hiyo hata kama ni ndugu yake.

Hoteli hiyo inahitaji kipande cha ekari moja ya nane tu, lakini kipande hicho kiwe kinavunwa mwaka mzima. Wakulima tisa, kila mmoja na kipande kama hicho, wakipishana wiki sita sita, wanaweza kuilisha hoteli bila kukatika. Wakulima tisa wenye ekari moja moja, wote wakipanda siku moja baada ya mvua ya kwanza kama tulivyozoea, wataozesha nyanya na kulaumu utalii.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Hesabu hiyo ninayokuandikia sasa sikuwa nayo wakati nilipoihitaji. Nikiwa sijamaliza muda mrefu tangu kutoka chuo kikuu, nilikishauri kikundi cha akina mama katika kijiji kimoja cha katikati ya Unguja walime nyanya na pilipili hoho kwa ajili ya hoteli moja ya mashariki. Nilikwenda mwenyewe kuzungumza na mnunuzi wa hoteli. Alikuwa kijana mchangamfu, akanionyesha jiko, akasema leteni, tutachukua zote. Nikarudi kijijini na mchanganuo wa kurasa sita: mbegu, mbolea, dawa, vibarua, mavuno, bei, faida. Akina mama walichanga fedha, na mmoja wao aliuza mbuzi wawili ili kukamilisha mchango wake.

Mzigo wa kwanza ulipokelewa. Wa pili pia. Wa tatu ulirudishwa nusu kwa maelezo kwamba nyanya hazilingani ukubwa. Tulipopeleka wa nne, yule kijana mchangamfu alikuwa ameacha kazi, na aliyeshika nafasi yake alisema hoteli sasa inachukua mahitaji yote kwa msambazaji mmoja wa mjini. Nyanya zilizobaki ziliuzwa kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Malipo ya mizigo ya mwanzo yalikuja baada ya karibu miezi mitatu.

Nilipokwenda kuwaomba radhi nilimwamkia bibi aliyekuwa mkubwa wao. Aliitikia, akanikaribisha mkekani, akaagiza niletewe chai. Kisha akasema, "Mwanangu, karatasi yako ilikuwa na mvua, ilikuwa na mbolea, ilikuwa na dawa. Mtu wa hoteli hamkumo." Sikuwa na la kujibu. Chuoni nilifundishwa kukadiria hatari ya ukame, ya wadudu na ya kushuka kwa bei. Hatari ya mnunuzi kubadilisha kazi sikuiandika popote.

Baadaye nilipata nafasi ya kukaa na watu wa manunuzi wa hoteli kadhaa, na nikaona upande wao. Mtu wa manunuzi anataka namba moja ya simu ya kupiga usiku wageni wakiongezeka. Anataka stakabadhi halali, kwa kuwa mhasibu hakubali karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Tena hoteli yenyewe mara nyingi hailipwi kwa wakati. Mgeni aliyenunua safari nzima kwa wakala wa Ulaya alikwisha kulipa huko huko kabla ya kupanda ndege, na wakala humlipa mwenye hoteli wiki kadhaa baada ya mgeni kuondoka. Mwenye hoteli naye humchelewesha msambazaji, na msambazaji humchelewesha mkulima. Ukifuatilia mnyororo huo hadi mwisho unakuta mama wa kijijini Unguja anamkopesha wakala wa safari wa Ulaya, bila riba na bila kujua.

Akina mama wa mwani

Baharini hadithi ni tofauti kidogo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kabla hoteli hazijajaa. Takribani wakulima wanane kati ya kila kumi ni wanawake. Kabla ya hapo fedha ya mwanamke wa pwani ilitoka kwenye kamba za usumba na kusuka ukili, kazi ndefu yenye malipo madogo. Mwani ulileta fedha ya kushikika mkononi, na wanawake walinunulia sare za shule, mabati na vyombo vya nyumbani. Wazee walionung'unika wakati ule kwamba wake zao wanashinda baharini walinyamaza baada ya kuona nyumba zinaezekwa upya. Kwa hiyo mtu akisema utalii ndio uliobadilisha maisha ya mwanamke wa Paje, anaruka hatua. Mwani ulitangulia.

Matatizo yalikuja kutoka pande mbili. Maji ya bahari yalipozidi joto, aina ya kotonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, ilianza kuoza na kufa, wakabaki na spinosamu inayovumilia zaidi lakini ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikinunuliwa kwa shilingi mia kadhaa tu kwa kilo kavu. Upande wa pili ni nafasi. Paje ni maarufu duniani kwa mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa, na mchezo huo unataka maji mafupi yaliyotulia na upepo wa kusi au kaskazi. Maji hayo mafupi ndiyo ambamo akina mama hupigilia vigingi na kufunga kamba zao. Mchezaji akikanyaga kamba au akikwama kwenye kigingi kila mmoja anamwona mwenzake ni kero. Wapo wageni pia wanaolalamika kwamba mwani uliotupwa na mawimbi ufukweni unanuka. Unanuka kweli, lakini ulikuwapo kabla yao.

Baadhi ya akina mama wamegeuza kero hiyo kuwa biashara. Hapo hapo Paje wapo wanaosaga mwani, wakauchanganya na mafuta ya nazi na viungo na kutengeneza sabuni. Mtalii hulipa ili atembezwe shambani wakati wa maji kupwa aone unavyolimwa, kisha hununua kipande cha sabuni. Kilo ya mwani mkavu ikisagwa unga inaingia katika vipande vingi vya sabuni, na kipande kimoja huuzwa kwa bei ya kilo kadhaa za mwani mkavu. Nawashauri akina mama wengine wakajifunze huko. Nawashauri pia wasing'oe vigingi vyao vyote. Ndege zilipokatika mwaka 2020 sabuni ya watalii haikuwa na mnunuzi, na aliyebaki na kamba baharini alikuwa na kitu cha kukausha.

Kisima kimoja, watumiaji wawili

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni maji. Mwaka 2012 shirika la Uingereza lililoitwa Tourism Concern lilichapisha utafiti uliofanyika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ulionyesha kuwa kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku. Chumba kimoja katika nyumba ndogo ya wageni kilitumia lita 686, na chumba cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000.

Ngoja niitafsiri hesabu hiyo kwa lugha ya shamba. Nyanya zilizokomaa wakati wa kiangazi zinahitaji maji kama milimita tano kwa siku. Kwa kile kipande cha moja ya nane ya ekari nilichokitaja, ni lita zipatazo 2,500. Maana yake chumba kimoja cha nyota tano, pamoja na sehemu yake ya bwawa la kuogelea na bustani ya nyasi, kinakunywa maji ambayo yangemwagilia nyanya za kulisha hoteli ya wageni 100. Maji ya kisiwa yako chini ya jiwe, na karibu na pwani yakivutwa kupita kiasi bahari huingia nyuma yake. Kisima kikishakuwa cha chumvi mboga haziwezi tena, na wanawake hurudi kubeba ndoo kutoka mbali.

Kima waliolipa ushuru

Mfano mzuri zaidi nilioukuta Unguja wa jamii kupatana na utalii ni wa wakulima na kima. Kima punju, yule mwekundu mwenye nywele nyeupe kichwani, hapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa Zanzibar. Jina lake linatokana na sumu, kwani watu waliamini kwamba miti anayoila hufa. Wakulima wanaopakana na msitu wa Jozani walikuwa wakimwona akila majani na vidaka vya minazi yao. Utalii ulipokua katika miaka ya 1990, magari yalianza kuleta wageni hadi pembezoni mwa mashamba yao kupiga picha kima hao hao, kwa sababu shambani wanaonekana vizuri kuliko msituni. Kiingilio kililipwa kwingine. Mkulima alibaki na hasara na vumbi la magari.

Wakulima hao hawakuishia kulalamika. Walijiunga pamoja, wakadai sehemu ya kiingilio, na wakakubaliwa. Fedha za wageni zikawa zinarudi kwao kama fidia na nyingine kwenye miradi ya vijiji. Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Hesabu ya kima iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria kuwa wako zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa awali.

Kuna kituko kimoja katika habari hiyo. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa, na katika matokeo yao ya mwaka 1999 wakaonyesha kuwa minazi ambayo kima waliila vidaka zaidi haikutoa nazi chache, bali mavuno yake yalielekea kuwa mazuri zaidi, pengine kwa sababu mnazi ukipunguziwa vidaka hulea vizuri vinavyobaki. Hata hivyo sisemi fidia ilitolewa bure. Kima hali nazi tu, na mkulima aliyevumilia mnyama shambani mwake kwa faida ya biashara ya mtu mwingine ana haki ya kulipwa.

Ninachotaka msomaji akione hapa ni utaratibu. Wakulima wa Jozani walikuwa na kitu ambacho mgeni anakitaka, walijua wanachodai, na walikidai wakiwa kundi. Linganisha na vijiji vya pwani ambako ardhi ilichukuliwa kipande kwa kipande. Kisheria ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na anachohesabiwa mwenyeji kwa kawaida ni miti na majengo yake. Kwenye maweni miti ni michache. Mtu alilipwa minazi saba akahama, na leo anapita nyuma ya ukuta kwenda kuvua.

Kuhusu mavazi na mengine

Nilisema nitarudi huko. Kijiji cha pwani ni kijiji cha Waislamu, na mgeni anayepita barabarani na nguo ya kuogelea anawaudhi watu. Mara nyingi hajui. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu aliyempokea uwanja wa ndege alimpeleka moja kwa moja hotelini, na humo kila kitu kimelipiwa, kwa hiyo siku anayotoka ni ya kutembezwa kwa saa mbili. Anaondoka akijua kusema "jambo" na "hakuna matata", Kiswahili ambacho Mzanzibari hamwambii Mzanzibari mwenzake. Mgeni huyo naye amepunjwa. Amelipa fedha nyingi kuja kisiwa cha karafuu, pweza wa nazi na urojo, akalishwa tambi na kuku wa kugandishwa.

Angalia pia matembezi ya viungo kule Kizimbani na Kidichi. Mgeni anaonyeshwa mdalasini, iliki, pilipili manga, vanila, mzingefuri, na kijana anapanda mnazi huku akiimba. Ni biashara halali na imewaajiri vijana wengi. Lakini kuna mashamba ambayo sasa yamepandwa mti mmoja mmoja wa kila aina kwa ajili ya maonyesho, na mkungumanga wa maonyesho hauna haja ya kuzaa. Kinachouzwa mwisho wa matembezi ni pakiti, na si kila pakiti iliyomo mezani ilitoka katika shamba hilo. Mkulima mwenye viungo vyake mwenyewe, aliyekausha vizuri na kufunga kwa jina la kijiji chake, ana nafasi hapo ambayo wachache wameichukua.

Si kila desturi inayotazamwa na mgeni huharibika. Makunduchi, kwenye Mwaka Kogwa unaofanyika kila Julai, wanaume hupigana kwa magomba na kibanda huchomwa moto, na wageni wamejaa kila mwaka. Desturi yenyewe tangu zamani inataka kila nyumba siku hiyo iwe na mgeni. Kwa hiyo mtalii ana nafasi ndani yake, anakaribishwa na kulishwa kama mgeni mwingine yeyote. Sijaona wazee wa Makunduchi wakiomba ruhusa ya hoteli kuhusu siku ya kuifanya.

Mkulima afanye nini msimu huu

Kwanza, aache kushindana na Lushoto kwa mazao yanayovumilia safari. Viazi, vitunguu, kabichi na karoti vinavuka bahari bila taabu. Saladi, mchicha, kotimiri, mnanaa, mrihani na matango membamba vinanyauka njiani. Huko ndiko bahari inakomsaidia mkulima wa Unguja, na mpishi yuko tayari kulipa zaidi kwa kitu kilichochumwa asubuhi hiyo.

Kuhusu wanunuzi, nyumba ndogo za wageni za vyumba sita au kumi zinafaa zaidi kuanzia. Nyingi zinalipa taslimu mlangoni, mwenye nyumba mwenyewe ndiye mnunuzi, na akibadilisha mawazo unamjua na kwake unakujua. Kwa hoteli kubwa usipeleke hata kikapu bila makubaliano ya maandishi yenye ujazo, ukubwa, siku za kupeleka, siku za malipo, na cheo cha aliyetia saini, kwani cheo hakihami kazi. Kikundi kisajiliwe na kiwe na stakabadhi zinazokubalika. Tena hata makubaliano yakiwa mazuri namna gani, sehemu kubwa ya mavuno ibaki na soko la kawaida. Watu wa Unguja nao wanakula nyanya, na hawapandi ndege kurudi kwao kukitokea ugonjwa.

Kile kikundi cha akina mama hakikufa. Waliacha nyanya. Wanalima saladi, kotimiri na mnanaa kwenye matuta yaliyoezekwa makuti, na wanauza kwenye nyumba tatu za wageni na kwa mama ntilie wawili. Nilipowatembelea mara ya mwisho bibi alinionyesha daftari lao la mauzo. Kila ukurasa ulikuwa na safu ya tarehe, ya uzito na ya fedha. Mwanzoni kabisa, kabla ya hizo zote, palikuwa na safu nyingine iliyochorwa kwa rula, pana kuliko zote. Ilikuwa ya jina la aliyepokea mzigo, namba yake ya simu, na jina la bosi wake.